Pizza nyumbani Goma: oveni ndogo ya umeme au mbabula (jiko la makala)?

Kwa pizza yenye chini kukavu na kwekundu, oveni ya mezani inashinda, ila kwa sharti. Nyingi hufika nyuzi 230 hadi 250, wakati tanuri za Naples huzidi 400. Kwa hiyo iwashe hadi mwisho, acha sinia la chuma ndani nusu saa, ndipo utelezeshe pizza juu yake. Sinia likiwa baridi, jibini la Masisi litayeyuka juu huku chini kukibaki kweupe na kubichi.

Mbabula inadai mkono mzoefu: sufuria nzito, makala machache chini, mengi juu ya kifuniko, la sivyo chini kunaungua kabla jibini halijalainika. Lakini umeme ukikatika haikuachi na unga ulioumuka mezani, na harufu yake ya moshi naipenda mno. Pikia nje tu. Hewa ya makala chumbani inaua.

Oveni ni ghali kununua. Lakini ya wati 1,500 haizidi kilowati-saa 1.5 kwa saa nzima. Makala hununuliwa kila mara, na majivu hayaishi.

Mwenye umeme wa uhakika jioni na watoto wawili achukue oveni. Mwenye ua, na wageni wa mara mojamoja, mbabula inamtosha.