Bush wa vyandarua na Bush wa Katrina: tumeenda makumbusho yake pale Dallas

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibania nitaieleza huko chini.

Mama amekuja kunitembelea kutoka Arusha, wiki ya kwanza yote tumeimaliza madukani, wiki ya pili tukawa tunapita na gari maeneo ya chuo kikuu cha SMU akaona bango, akasoma jina taratibu, George, Bush, akanigeukia akaniuliza huyu si ndiye yule Bush wa vyandarua? Nikamwambia ndiye, George W. Bush, yule mtoto, rais wa Marekani 2001 mpaka 2009. Akasema basi nipeleke. Nikamwambia mama mwenyewe hakai hapo, ni makumbusho tu, akasema hata hayo makumbusho yatatosha.

Mimi hii Dallas nina mwaka wa sita na sijawahi hata kufikiria kuingia mle. Kwangu Bush alikuwa Bush wa Iraq, basi. Na dada mmoja tunayefanya naye kazi zamu ya usiku, Mmarekani mweusi, kwao New Orleans, niliposikia anasema yuko off siku hiyo na gari anayo nikamwomba atupeleke, akanyamaza kidogo akasema kwake yule ni Bush wa Katrina, kile kimbunga kilichozamisha mji wao 2005, ila kwa ajili ya mama atakuja. Nikaona hapa kuna mtihani, maana nitakaa katikati ya watu wawili kila mmoja na rais wake na mimi ndiye mkalimani.

Kuhusu mahali penyewe, ni jengo la matofali mekundu na mawe ya huku huku Texas, lilizinduliwa Aprili 2013 na siku ile marais wote 5 waliokuwa hai walikuwepo, Carter, Bush baba, Clinton, yeye mwenyewe na Obama. Nje kuna bustani ya ekari 15 ya nyasi na maua ya asili, hiyo unatembea bure hata kama hutaki kuingia ndani. Kama huna gari panda treni ya mji, DART, ushuke kituo cha Mockingbird, kuanzia hapo ni mwendo wa miguu, ila msimu wa joto beba maji.

Ndani unaanza na mambo ya uchaguzi wa 2000, ule wa Florida, na mambo ya shule, kodi, hayo tulipita haraka. Halafu unafika sehemu ya Septemba 11 na hapo hata ukiwa na haraka ya namna gani miguu inasimama yenyewe. Kuna vyuma vya yale majengo ya New York vimejikunja vimepinda, virefu kwelikweli, na majina ya waliokufa karibu 3,000 yameandikwa ukutani. Na kile kipaza sauti cha mkononi alichoshika Bush juu ya kifusi siku 3 baada ya tukio. Mama alisimama pale muda mrefu, akaniambia taratibu, hata sisi 1998. Manake Agosti 7 ile ubalozi wa Marekani wa Dar ulipolipuliwa na wa Nairobi dakika hizo hizo, Nairobi wakafa zaidi ya watu 200, kwa hiyo kwa Mtanzania au Mkenya vyuma vile sio habari ya watu wa mbali. Nikamtafsiria dada, akamshika mama mkono. Walianzia hapo.

Siku zile baada ya Septemba 11 Gallup, watu wa kura za maoni, walipima wakakuta Wamarekani 90 kati ya 100 wanamkubali Bush. Mwaka 2008 ikashuka mpaka 25, na anaondoka Januari 2009 iko 34. Yaani mtu yule yule, nchi ile ile, miaka 7 tu. Siku anakabidhi kwa Obama umati pale Washington kuna waliomzomea alivyotokeza, na mwezi mmoja kabla yake mwandishi wa habari kule Baghdad alimrushia viatu vyote viwili. Halafu ukija 2018, CNN wanapima tena wanakuta 61 kati ya 100 wanamwona vizuri. Dada wa kazini nilimuuliza hili tukiwa mle mle, je watu wamesahau? Akasema hawajasahau, ila wanampima na waliokuja baada yake, na yeye hampimi na mtu, anampima na paa la nyumba ya mama yake.

Hapo ndio nije kwenye kitu ambacho kwangu ndio sababu ya kwenda hii makumbusho. Kuna ukumbi unaitwa Decision Points Theater, mnakaa kila kikundi na skrini yake ya kugusa, mnachagua jambo moja kati ya maamuzi yake makubwa, kuivamia Iraq, kuongeza askari Iraq 2007, mdodoro wa uchumi wa 2008, au Katrina. Unapewa dakika 4 usikilize washauri, taarifa zinaingia zinakuvuruga, huyu anasema hivi yule anasema vile, mwisho mnapiga kura, halafu Bush mwenyewe anatokea kwenye video anaeleza yeye aliamua nini na kwa nini. Wazo ni zuri mno. Kwenye makumbusho nyingi unaambiwa tu, hapa unaulizwa.

Siku yetu kura ya ukumbi ikaangukia Katrina.

Swali lenyewe ni kama yeye rais apeleke askari wa serikali kuu Louisiana kwa amri yake hata kama gavana wa jimbo hajakubali kuachia madaraka ya kuongoza askari kule. Kwa asiyejua, kimbunga kilipiga Jumatatu Agosti 29, 2005, kuta za kuzuia maji zikapasuka, mji ukajaa, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na tangazo la kupeleka askari zaidi ya 7,000 lilitoka Jumamosi. Hesabu siku hapo. Saa ya kwenye skrini ikaanza kurudi nyuma, mimi namtafsiria mama mbio mbio, mshauri huyu anazungumzia sheria, huyu anazungumzia gavana, na dada wa kazini amekaa tu anaangalia ile saa. Sekunde zikabaki chache nikamwambia haya gusa, tupige kura. Akatoa mkono kwenye meza akauweka mapajani.

Alitueleza tulipotoka, tumekaa kwenye benchi. Mama yake na shangazi walikaa juu ya paa siku mbili, maji ya kunywa chupa moja. Na kaka yake, huyo ambaye angeenda na boti kuwatoa, alikuwa Iraq na kikosi cha Walinzi wa Taifa wa Louisiana. Watu hawaijui hii, maelfu ya askari wa jimbo lile lile la Louisiana walikuwa Iraq siku mji wao unazama, wakaanza kurudi Septemba wanakuta nyumba hazipo. Akasema Bush alipita juu na ndege akapigwa picha anachungulia dirishani, na hiyo picha mwenyewe baadaye alikubali lilikuwa kosa, lakini dada anasema tatizo lake sio picha, tatizo ni kwamba yeye dakika 4 zile za skrini alishaziishi, zilikuwa siku 5.

Mama alisikiliza yote nikimtafsiria. Hakusema lolote la kumtetea Bush, na mimi nilijua ana la kusema. Akaniambia mwanangu muulize mama yake yuko wapi sasa. Yuko Houston, mzima. Akasema Mungu ni mwema.

Sehemu ya Afrika haipati watu wengi, angalau siku yetu ilikuwa hivyo, watu wanapita kuwahi kwenda kupiga picha kwenye ile ofisi ya rais ya mfano, na kwa maoni yangu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote mle. Januari 2003 kwenye hotuba ya bunge alitangaza dola bilioni 15 kwa miaka 5 kupambana na Ukimwi, ikaitwa PEPFAR. Miaka ile kwetu mtu akisemwa kakanyaga miwaya ndio basi, watu wanaanza kuulizana sanda. Kisha 2005 ukaja mpango wa malaria, na Tanzania ilikuwa kwenye nchi 3 za kwanza pamoja na Uganda na Angola.

Mama alisimama pale akaanza yeye sasa kumweleza dada, kwa Kiswahili, bila kunisubiri mimi nitafsiri. Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho, alifariki 2001, kilo 31, nilikuwa mdogo ila kile kitanda nakikumbuka. Baba mdogo, mume wake, naye alikuwa anaelekea huko huko, 2005 akaanza dozi, akapewa kadi ya CTC, kliniki ya dawa za Ukimwi, na CD4 zake, yaani kipimo cha kinga ya mwili, zilikuwa hata 50 hazifiki. Leo baba mdogo ana migomba, ana ng'ombe wawili, na mwanae wa mwisho niliyemlea mimi yuko chuo. Mama akamalizia na Februari 2008, Bush alipofika Arusha barabara zikafungwa, yeye alisimama juani kando ya barabara toka asubuhi kuona msafara ukipita, huyo bwana akaenda mpaka hospitali ya wilaya ya Meru kugawa vyandarua na kiwandani vinakofumwa. Ziara ile ile ndio alisaini na Kikwete zile dola milioni 698 za MCC, mfuko wa maendeleo wa serikali ya Marekani, watu wa Tanga mnajua lami ya kwenda Horohoro, watu wa Sumbawanga mnajua ya kutoka Tunduma, na Zanzibar mnajua ile nyaya ya pili ya umeme chini ya bahari. Lakini tusiseme Tanzania nzima ilishangilia, Dar wapo walioandamana kumpinga kwa ajili ya vita, na hoja yao ilikuwa ya kweli pia.

Dada alimsikiliza mama yangu mpaka mwisho bila kuelewa neno, halafu akanigeukia nimweleze. Nikamweleza. Akafuta macho, akasema mimi sikuwahi kuambiwa hii, shuleni hawakutuambia, kwenye tivii hawakutuambia. Akasema pia, na nanukuu alivyosema kwa maana yake, kwamba anafurahi kwa baba mdogo na bado hatampigia Bush kura kwenye ile skrini. Kwangu hilo ndilo jibu la uaminifu kabisa nililolisikia kuhusu yule mtu, maana nimechoka na wale wanaotaka dawa zifute vita au vita vifute dawa.

Sasa ile nyota niliyobania. Iraq. Kwangu mimi watu wa Iraq wenyewe wamepewa nafasi ndogo. Unasikia uzito wa kuamua, unasikia ushujaa wa askari, na haki yao, karibu 4,500 wa Marekani walikufa kule. Silaha za maangamizi zilizoipeleka nchi vitani Machi 2003 hazikupatikana, yeye mwenyewe kwenye mkutano wake wa mwisho na waandishi Januari 2009 alisema lile lilimvunja moyo, na kwamba lile bango la kazi imekwisha, Mission Accomplished, lililowekwa kwenye meli ya kivita alipohutubia 2003, lilikuwa kosa. Sawa. Lakini mimi jirani yangu wa chini ni Mwiraqi wa Baghdad, mzee wa watu, kila Ijumaa analeta chai na tende kwa wanangu. Nilimwambia tunakwenda, ukitaka twende. Akaweka mkono kifuani akasema nendeni salama, akafunga mlango polepole. Ningependa makumbusho ile iwe na skrini moja ambayo mshauri anayeongea ni mtu kama yule mzee.

Na nyingine niongeze ingawa haihusu makumbusho. 2025 misaada ya Marekani ilivyokatwa, Juni 30 siku ya mwisho ya USAID, shirika la misaada la Marekani, Bush alitokea kwenye video pamoja na Obama kuwaaga wafanyakazi, akauliza kama watu milioni 25 ambao wangekufa sasa wako hai, je hilo si kwa faida ya Marekani? Na waliokata ni chama chake mwenyewe. Kwa hiyo mkisoma ule ukuta wa PEPFAR jueni mnasoma kitu ambacho bado kinagombaniwa.

Mambo ya kawaida sasa. Tenga saa 3, sisi saa 2 hazikutosha. Nenda na mtu wa kumtafsiria mzee wako, maelezo ni ya Kiingereza. Ofisi ya rais wameijenga saizi ile ile, unaruhusiwa kukaa kwenye kiti nyuma ya meza upigwe picha, watoto wataipenda. Mama alikataa kukaa, akasema kiti cha mkubwa hakikaliwi, akataka picha yake iwe kule kwenye ukuta wa dawa, akasimama na dada wa kazini wameshikana mabega, tukaituma WhatsApp kwa baba mdogo tukiwa bado ndani. Akajibu kwa sauti, nyuma ng'ombe wanalia, anashukuru sana picha, anamsalimia huyo mama mweusi wa Marekani, na anauliza kama tumesikia lolote kuhusu dawa, maana kliniki sasa hivi wanapewa za mwezi mmoja mmoja, zamani walikuwa wanabeba za miezi sita.