TAHADHARI: Muuza daunpaipu za Subaru "anayekufungia bure" na kuondoka na masega yako

Jamani wenye Impreza, Legacy na Forester za turbo hapa Kampala na kwingineko Uganda, kuna muuzaji wa vifaa vya egzosi anazunguka mitandaoni akiuza daunpaipu, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye turbo, na kuondoka na masega yako, yaani kichujio cha moshi (catalytic converter). Kabla hujamtumia hata shilingi, soma hapa. Simtaji jina kwa sababu jina lenyewe halidumu: ukurasa anaotumia leo si ule wa mwezi uliopita, na namba ya simu ni hivyo hivyo. Kinachodumu ni mtindo wake. Akija kwako kwa jina jingine, utamjua kwa mtindo huo.

Mimi ni fundi, na magari anayoyapitia ndiyo yanayoishia kwangu. Tangazo lake halibadiliki sana: daunpaipu ya inchi 3, stenlesi ya SUS304, mzigo wa Japani, masega ya spoti ya seli 200, inaingia Subaru zote za turbo, haihitaji kutyuni (kupanga upya kompyuta ya injini), na kufungiwa ni bure. Bei anaanza milioni moja na laki nane, ukimkazania anashuka mpaka milioni moja na nusu. Karibu kila neno hapo lina uongo wake, lakini nianze na lile ambalo watu hulishukuru: kufungiwa bure.

Kwenye Subaru nyingi za turbo masega makuu yamekaa ndani ya daunpaipu yenyewe, chini kidogo ya turbo. Ndani yake ni kauri yenye vitundu vidogo vidogo, na kauri hiyo imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, metali zinazosafisha moshi kabla haujatoka nje. Ni metali za thamani. Mwaka 2021 rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Imeshuka sana tangu hapo, lakini wanunuzi bado wanapita gereji hadi gereji wakiulizia masega ya zamani, na ya gari lililotoka Japani bila kuguswa ndiyo wanayoyatafuta. Sasa fundi wake anakuja mpaka nyumbani kwako, mpole, ana spana zake, hataki hata soda. Anafungua daunpaipu ya kiwanda, anaweka yake, na ile ya zamani inafungwa kwenye gunia na kupanda boda kabla hujalipiga gari stati. Ukiuliza, jibu liko tayari: "Hiyo ni skrepa, ssebo (bwana), nakusaidia kuitupa."

Haitupi. Wewe umemlipa kwa bomba bovu, na kwa hisani yako umemwongezea kitu ambacho huenda ndicho faida yake yote. Ndiyo maana hakubali ukamfungishe kwa fundi wako. Mteja mmoja alipomwambia atafungia kwangu, ghafla dhamana ikawa haipo na bei ikapanda.

Sasa bomba lenyewe. Mteja wangu, mfanyabiashara wa mchele, ana Forester ya 2004 yenye injini ya EJ20, gari alilolitunza vizuri. Alikuja analalamika mambo matatu: taa ya injini haizimiki, kuna harufu ya moshi ndani akisimama kwenye foleni, na gari likikolea mwendo linashtuka na kumtupa mbele kwenye mkanda. Tulilipandisha juu, tukaondoa kinga ya joto. Kwenye flenji, yaani bati nene la kufungia bomba, inayokaa kwenye turbo kulikuwa na michirizi myeusi ya masizi pande mbili, dalili kwamba moshi unapenya. Nikaweka rula ya chuma juu ya uso wa flenji: katikati inagusa, pembeni mwanga unapita. Flenji ya daunpaipu nzuri ina unene wa milimita 10 au zaidi ili isipinde kwa joto. Hii ilikuwa nusu ya hapo. Ilipochomelewa ikapinda, na hakuna aliyejisumbua kuisawazisha. Hapo gasketi hata ingekuwa mpya kila wiki isingesaidia.

Kitundu cha sensa ya oksijeni nacho kilikuwa kimechomelewa mshazari. Sensa hizi zina uzi wa M18 kwa 1.5, na ukiwa sawa unaanza kuifunga kwa vidole. Yule fundi wa bure aliilazimisha kwa spana, uzi ukaliwa, na waya ukabaki umelalia chuma cha moto mpaka plastiki yake ikayeyuka. Buti la mpira linalofunika sivi (kiungo cha ekseli ya gurudumu) upande wa kulia lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka, kwa sababu bomba limekaa karibu kuliko la kiwanda na halina kinga. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, turbo na daunpaipu viko upande wa dereva, ukutani mwa kabini. Kwa hiyo moshi ukivuja hapo, anayeuvuta ni wewe. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine kwenye moshi. Monoksidi ya kaboni yenyewe haina harufu, na ndiyo inayoua. Mwenye gari hili husafiri mpaka Arua madirisha yakiwa juu kwa sababu ya vumbi.

Na yale masega ya spoti? Nilimulika tochi ndani. Masega ya kweli ya seli 200 yana vitundu 200 kwa inchi moja ya mraba, unaviona kwa macho. Humu kulikuwa na bomba lenye matundu ya drili, limezungushiwa bati kwa nje ili lionekane limetuna. Yaani hakuna kitu. Kopo.

Tulimpigia muuzaji, simu ikiwa kwenye spika. Mteja akamweleza kuhusu harufu na mlio wa moshi unaovuja. Jibu lake: "Mzee, hiyo ni sauti ya pafomansi, utazoea." Alipotajiwa masega ya zamani akakata, na tangu siku hiyo namba haipatikani.

Kuhusu SUS304 anao mchezo ambao lazima niueleze, maana umewaponza hata watu makini. Anatembea na sumaku mfukoni. Anakupa uiweke mwenyewe kwenye bomba, haishiki, unaridhika. Stenlesi ya 304 ina kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha asilimia 8, na ni kweli sumaku haiing'ang'anii. Lakini kuna stenlesi ya 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na kuwekwa manganizi, bei yake ni rahisi zaidi, na hiyo pia sumaku haiishiki. Inapata kutu mapema. Upande wa pili kuna 409, ambayo sumaku inaishika vizuri tu na ni chuma halali cha egzosi, makampuni ya magari yanaitumia tangu zamani. Kwa hiyo sumaku peke yake haikupi jibu. Itembeze kote: kwenye bomba, kwenye flenji, kwenye mikunjo. Kwenye hili la mteja wangu sehemu iliyonyooka ilikuwa haishiki, ila mikunjo miwili ya chini na flenji zote vilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, na rangi ilishaanza kubabuka. Muuzaji alimpimisha mteja penye stenlesi tu.

Niseme pia, sina ugomvi na kazi ya hapa nyumbani. Katwe, hapa Kampala, kuna mafundi wa kuchomelea watakaokukunjia bomba zuri, wakakwambia wazi ni chuma gani, na ukarudi kwao likileta shida. Huyu ubaya wake si kuuza kilichotengenezwa hapa. Ubaya wake ni kubandika kibati cha Kijapani na kukutoza bei ya meli. Kibati chenyewe kinamuumbua: ameandika JASMA, ambao ni umoja wa watengeneza mafla wa Japani, na kibati chao huwekwa kwenye mafla zilizopimwa. Yeye amekigongelea kwenye daunpaipu.

"Inaingia Subaru zote" nayo ni hatari kwa mwenye STI (Impreza ya spoti iliyo juu ya WRX) ya Japani yenye turbo ya tundu pacha (twin scroll). Hedaz (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) na bomba la kupandisha moshi kwenye turbo hiyo ni tofauti na za WRX ya kawaida. Huyu bwana anauza seti nzima kwa wote bila hata kuuliza namba ya chasisi.

Lakini hata bomba lingekuwa la dhahabu, maneno "haihitaji kutyuni" yanatosha kukukimbiza. Turbo ina kilango kidogo, westigeti, kinachopitisha moshi pembeni ili presha isizidi kiwango. Ukitoa daunpaipu nyembamba yenye masega ukaweka ya milimita 76 iliyo wazi, moshi unatoka kwa urahisi, turbo inazunguka zaidi, na kilango cha kiwanda kinaweza kuzidiwa. Presha inapanda yenyewe bila kuombwa. Kompyuta ya gari ikiona imepita mpaka inakata mafuta, na huo ndio mshtuko aliokuwa akiusikia mteja wangu. Hiyo ni bahati yake, maana kompyuta ilimlinda. Isipokata, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, injini inagonga, na pistoni za EJ zinajulikana kwa kupasuka pale kwenye kingo za ringi. Kumbuka magari haya, hasa STI, yalipangiwa petroli ya Japani ya oktani (kipimo cha petroli kuhimili presha bila kugonga) karibu 100. Hapa kwetu, kwa petroli ya chini ya hapo, tayari yanafanya kazi kwa shida. Kuongeza presha bila mtu wa kuisoma kwa kompyuta ni kununua injini nyingine.

Kuna walioko mbali, Mbarara, Gulu, Kasese, ambao hata bomba hawakuliona. Hao anawapa hadithi ya Malaba: mzigo umekwama mpakani, tuma nusu ya pesa ya ushuru, kesho upo kwenye basi. Kesho kunakuja gharama ya pili. Jueni hivi: kodi ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) hailipwi kwa namba ya simu ya mtu. Kila malipo yana namba yake ya PRN (namba ya usajili wa malipo), na ukipewa PRN unaweza kuihakikisha kabla ya kulipa. Mtu anayekosa PRN hana mzigo mpakani. Tena angalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kwa wote walioniletea ushahidi, jina la kwenye muamala halikuwa lile la ukurasa, na kila mara alikuwa "shemeji" au "mhasibu wangu". Mwombe picha ya bomba likiwa kando ya gazeti la leo, hata Bukedde inatosha. Mwenye mzigo anapiga dakika hiyo hiyo, huyu atakwambia stoo imefungwa.

Ukinunua kwa yeyote, lipa ukiwa umeshika bomba mkononi, na sensa ya zamani uwe nayo mfukoni uijaribu kwa vidole. Weka rula kwenye flenji, mulika tochi ndani. Fungishia kwa fundi unayemjua, na daunpaipu yako ya zamani ipakiwe kwenye buti lako mbele ya macho yako, iwe mbovu iwe nzima. Siku ukitaka kurudisha gari katika hali yake au kuliuza, utaihitaji.

Kwa aliyekwisha kuliwa: ipigie kampuni ya simu papo hapo, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Andikisha taarifa polisi na udai namba ya kumbukumbu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji Huduma ya 2017 inataka bidhaa ifanane na ilivyoelezwa, kwa hiyo lile tangazo la "SUS304" ni ushahidi, usilifute. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaingia kwenye utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, huhitaji wakili, ila unaanza kwa kumpelekea dai la maandishi. Ugumu uko hapo: lazima mdaiwa awe na jina na mahali. Ndiyo sababu nakusanya majina yaliyotokea kwenye miamala.

Mteja wangu ameshaandikisha taarifa. Wengine mlioguswa nitumieni inboksi skrinshoti za mazungumzo na ujumbe wa muamala, mkificha salio lenu. Na kama umefungiwa na huyu na bado hujaangalia chini, lilete tulipandishe, kuangalia silipishi. Lije asubuhi likiwa limepoa.