Kolisi Foundation: wanalisha watu kabla ya kuwapa mpira

Sisi mashabiki wa Springboks, timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, hapa Nairobi tulichanga kitu kidogo, swali likawa pesa iende wapi, nikapewa kazi ya kuangalia kama foundation ya Siya Kolisi, kapteni wao, inafaa ama ni jina kubwa tu. Jibu langu ni inafaa, na wacha niseme kwa nini.

Unajua ile kawaida ya wachezaji wakubwa wa raga wakija mtaani, wanakuja na mipira na tisheti, watoto wanapigiwa pasi mbili tatu, picha zinapigwa, basi linaondoka. Sio vibaya, mtoto anafurahi kweli, lakini jioni anarudi kwa nyumba ambayo sufuria haijawekwa jikoni. Kolisi anaijua hiyo nyumba. Amezaliwa 1991 huko Zwide, mtaa wa watu weusi huko Port Elizabeth, siku hizi inaitwa Gqeberha, mamake na babake walimpata wakiwa bado watoto wenyewe akalelewa na nyanyake, na amesimulia mara nyingi vile nyanya alikuwa anajinyima ndio yeye ale, vile kuna siku alilala na maji ya sukari tumboni, na vile alienda majaribio ya raga na boksa kwa sababu hakuwa na kaptura. Kilichomtoa ni skolashipu ya shule ya Grey Junior, akiwa na miaka kama 12, halafu akaendelea Grey High.

Sasa angalia. Novemba 2019 anabeba Kombe la Dunia la raga pale Yokohama, Japani, wamepiga Uingereza 32-12, yeye ndiye kapteni wa kwanza mweusi wa Springboks kulishika, angeweza kufungua akademi ya raga yenye jina lake na hakuna mtu angelalamika. 2020 yeye na Rachel, mkewe wakati huo, wanaanzisha foundation, korona imefunga nchi, watu wa vibarua hawana vibarua, na wanaanza na chakula na vifaa vya kujikinga. Hapo ndipo waliponipata mimi. Walianza na njaa, mpira ukaja nyuma.

Kitu cha pili ni vita dhidi ya kupigwa kwa wanawake. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba amekua akiona mamake na shangazi yake wakipigwa, na mwanaume wa raga, mchezo wa miili mikubwa hivyo, kusimama mbele ya wanaume wenzake na kuongea hiyo maneno si jambo dogo. Wako na programu inaitwa Power2You, mama anapewa furushi la vitu vya kumsaidia ajue haki zake na akimbilie wapi mambo yakichacha. Ningetaka sana klabu zetu za raga za Ngong Road hapa Nairobi waige hiyo, haihitaji pesa za Kombe la Dunia.

Wengi waliniuliza itakuwaje vile Siya na Rachel walitangaza kuachana Oktoba 2024, lakini kwa tangazo lile lile walisema kazi ya foundation wataendelea nayo pamoja, kwa hivyo hilo halikunizuia.

Pale ninapowapunguzia alama ni elimu na michezo. Najua wanaifanyia kazi, lakini mtoto wa Zwide mwenye kipaji bado njia yake kubwa ni ile ile ya Siya, mtu amuone, atolewe mtaani apelekwe shule ya matajiri, na wale ambao hawakuonekana siku hiyo wanabaki. Chakula kinaweza kufika kwa mwezi mmoja, shule nzuri ndani ya Zwide inachukua miaka na pesa nyingi kuliko za mchezaji yeyote. Hapo nataka kuona zaidi, na nataka niione wakati Siya bado anacheza ngazi ya juu, ndio milango ifunguke haraka.

Nawapa 4 kwa 5. Mchango wetu tumeamua uende upande wa chakula, na tutakuwa tunatuma kidogo kidogo badala ya mara moja, kwa sababu watu wanakula kila siku.