Stesheneri za Dodoma kwa TIN na ritani: wape kuchapa, hesabu baki nayo

Anayepata kazi za mara moja moja Dodoma, kuandika taarifa za warsha Mtumba, kutafsiri nyaraka au kukusanya takwimu Chamwino na Bahi, kwa kawaida hukutana na kodi kwenye benchi la stesheneri. Kwa kuchapa, kuskani na kupakia nyaraka, huduma hii inastahili nyota nne. Kwa ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), mbili tu.

TIN yenyewe, yaani namba ya mlipakodi, TRA hutoa bure. Unachomlipia mhudumu ni muda wake na bando, kwa hiyo kubalianeni bei kabla hajagusa kibodi. Njoo na namba ya NIDA na simu yako ikiwa na chaji. Foleni ikiwa ndefu, wapo wahudumu wanaoweka simu na baruapepe zao wenyewe ili kazi iende. Baadaye kila namba ya uthibitisho inaingia kwao, nawe huwezi kufungua akaunti yako. Soma skrini kabla hajatuma. Hakikisha pia si TIN isiyo ya biashara, ile ya leseni ya udereva, kwani hiyo haikufikishi kwenye ritani ya mapato haya.

Palipo na fedha ni kwenye kodi ya zuio. Mlipaji hukata 5% ya ada: kazi ya 2,000,000, unapokea 1,900,000. Wengi huamini kodi imeishia hapo. La! Ile 100,000 ni malipo ya mwanzo, na huhesabiwa kwenye ritani. Chukua mtu asiye na ajira aliyepata 6,000,000 kwa mwaka, gharama halali za kazi zikiwa 1,000,000. Faida ni 5,000,000. 3,240,000 za kwanza hazitozwi, na 1,760,000 zinazobaki hutozwa 8%, yaani 140,800. Lakini amekwisha kukatwa 300,000. Anadai 159,200, na ushahidi wake ni vyeti vya kodi ya zuio. Hapa ndipo stesheneri nyingi huanguka: mhudumu haulizi vyeti, akisikia huna duka anajaza sifuri, na dai lako linapotea.

Mwajiriwa hali yake ni kinyume. Mshahara unaotozwa kodi ukishapita 1,000,000 kwa mwezi, faida ya kazi ya pembeni inaangukia 30%; ile 5% haitoshi, atadaiwa nyongeza.

Cheti kidai siku unayolipwa, si Juni mwaka unaofuata wakati mhasibu wa mradi ameshahama. Kagua TIN na jina. Tarakimu moja ikikosewa, makato yanaweza yasihesabiwe kwako. Kosa jingine la kawaida ni kukuweka kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wanaotozwa kwa mauzo. Huduma za kitaalamu na mafunzo hazimo humo.

Kwa mwaka wa kalenda, makadirio ya kodi ya mwaka huo huwasilishwa kufikia 31 Machi, yakilipwa kwa awamu nne, na ritani kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kwa mwaka usio na kazi, ulizia TRA kama unahitaji ritani. Mwenye vyeti vya walipaji wengi amtafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Gharama yake inalipa.

Kabla ya kuondoka stesheneri, toka kwenye akaunti, futa nakala ya NIDA kwenye kompyuta yao, ondoka na ritani iliyochapwa. Itunze pamoja na vyeti kwa miaka 5.