Mama mkwe wangu hakubonyeza "Ruhusu"

Wiki ile ya kwanza ningeipa programu hii ya mikopo nyota nne. Nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu, na hela iliingia kabla sijamaliza kupiga pasi gauni moja. Benki gani itamkopesha fundi cherehani asiye na hati ya nyumba? Hilo nawapa. Niliomba 150,000, zikaingia 105,000, eti makato, na marejesho ni 150,000 kamili ndani ya siku saba. Kausha damu, ndiyo, lakini nilikubali mwenyewe na nikanyamaza.

Nilichelewa siku moja. Asubuhi yake akaja mama mmoja, mteja wangu wa miaka, niliyekuwa namshonea kitenge cha send-off ya binti yake. Siku zote hukaa kwenye benchi tukapiga soga. Safari hii alisimama mlangoni, mkoba kwapani. "Fundi, naomba kitambaa changu." Nikamwambia, mama, nimeshakata, imebaki mikono tu. Akanifungulia simu yake. Jina langu kamili, na ile picha ya uso niliyopiga wakati wa kujisajili: huyu ni tapeli, amekimbia na deni, na wewe amekuweka mdhamini wake.

Sijamweka mtu yeyote mdhamini! Walichota majina yote kwenye simu yangu: wateja, mwalimu wa madrasa wa mwanangu, fundi bomba, mama mkwe. Mama mkwe alinipigia analia, akidhani nimekamatwa. Yule mteja akaondoka na vipande vyake, alama za chaki yangu zikiwa bado juu yake.

Nikapiga simu kwao. Kijana aliyepokea akanikatisha: "Dada, si ulibonyeza Ruhusu mwenyewe?" Neno hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Ndiyo, nilibonyeza, kwa sababu bila kubonyeza ukurasa hausogei. Lakini mama mkwe hakubonyeza. Yule mama wa kitenge hakubonyeza. Namba zao walinipa mimi, si mali yangu ya kuweka rehani. Kunitumia hela kulihitaji namba yangu na kitambulisho changu cha NIDA, basi. Mtu aliyeketi akaitengeneza programu hii isome majina ya watu alijua yatakuja kutumika kwa kazi gani, na hasira zangu nyingi ziko kwake kuliko kwa kijana wa simu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini walinitumia kiungo kwa WhatsApp badala ya kunielekeza Play Store: tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizoko dukani kwake kusoma majina na picha za mtumiaji. Wamepita mlango wa uani. Simu yenyewe ilinionya kwamba chanzo hakijulikani, nikapuuza, nina haraka ya kodi. Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa ikichukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo, na Tume ya kupokea malalamiko ipo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni 69 wasio na leseni. Kabla hujapakua chochote, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni. Mimi sikuangalia.

Nilisema nyota nne, kisha nikataka kushuka hadi mbili, nisishuke zaidi kwa ajili ya ile kodi iliyolipwa. Hapana. Moja, na hiyo moja ni kwa sababu ukurasa haukubali sifuri.

Deni nimelimaliza lote. Nimewaandikia mara tatu wafute majina ya watu wangu, hawajajibu. Malalamiko yangu kwa Tume nimeshayaandika, na nimeambatanisha ule ujumbe. Aliyenitumia nakala yake ni yule mama wa kitenge.