Mlango wa Kabati la Tela Umeoza kwa Maji: Ununue Bodi Gani Dar es Salaam

Mwenye tela la kambi, au tela la kuuzia chakula lenye makabati ya nje ya kuwekea mtungi wa gesi, jenereta na viti, kwa kawaida hugundua ubovu wa milango yake masika yanapokwisha. Rangi ya upande wa chini imefura kama malengelenge, kitasa kinacheza, na mlango hauingii tena kwenye fremu mpaka usukumwe kwa goti. Wengi hulimaliza jambo hili haraka kwa kununua kipande cha plaiwudi kwenye duka la karibu na kumkabidhi fundi, kisha mwaka unaofuata wanarudi kwenye duka lilelile. Mwongozo huu unapanga bidhaa zinazopatikana jijini kuanzia ile inayofaa zaidi hadi ile isiyofaa kabisa, na kipimo kilichotumika ni kimoja tu: ukingo uliokatwa ukilowa maji, utafanya nini?

Kipimo hicho kinatokana na jinsi milango hii inavyojengwa. Mlango wa kiwandani una ngozi nyembamba ya aluminiamu au faiba kwa nje, povu jepesi katikati, na vipande vya mbao au plaiwudi vinavyozunguka pembeni ili skrubu za bawaba na kitasa zipate mahali pa kushika. Maji hayapenyi kwenye ngozi. Hupita kwenye tundu la kitasa, kwenye skrubu za bawaba, au kwenye kona ambako mkanda wa pembeni umeachia, kisha hushuka mpaka chini na kutuama humo, kwa sababu upande wa chini umezibwa vizuri kuliko pande nyingine zote. Mbao hufura, gundi huachia, na ngozi hujitenga na povu. Katika jiji lenye vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, huku katikati yake kukiwa na joto lenye unyevu wa bahari, mlango uliolowa kwa ndani haukauki wenyewe hata ukianikwa.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwanza kwamba mlango unahitaji kubadilishwa kweli. Chukua sarafu ya shilingi 200 na ugonge uso wa mlango kuanzia juu kushuka chini. Mahali ambapo ngozi imeshikamana na povu mlio ni mfupi na mkavu, na mahali ilipoachia mlio hugeuka kuwa mzito na wa uwazi. Kisha fungua skrubu ya chini kabisa ya bawaba. Ikitoka na kutu pamoja na maji ya rangi ya chai, na tundu likaacha unga mweusi wa mbao kwenye ncha ya bisibisi, basi pembe hiyo imekwisha. Ubovu ukiwa umezunguka kitasa tu, hakuna haja ya kununua bodi: chimba mbao iliyooza, acha mlango ukauke kwa siku kadhaa mahali penye upepo, jaza shimo kwa gundi ya epoksi ya mchanganyiko wa sehemu mbili, kisha toboa upya. Lakini ubovu ukiwa umeshika upande wote wa chini, kuziba huko ni kupoteza gundi.

Nafasi ya kwanza naipa bamba bapa la aluminiamu la unene wa mm 2 lililofungwa kwa ribiti, yaani pini za kubana zisizo na nati, juu ya fremu ya mirija ya aluminiamu. Ukingo wa bamba hili ukilowa haufanyi lolote, na ndani ya mlango hakuna kitu cha kuoza. Mlango wa sentimita 60 kwa 90 unahitaji bamba lenye uzito wa kilo 3 hivi kabla ya fremu, wakati plaiwudi ya mm 18 yenye ukubwa huohuo hukaribia kilo 6, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua bawaba zitadumu muda gani kwenye barabara ya vumbi na mashimo. Faida nyingine ni ya mji wenyewe: mafundi wa madirisha ya aluminiamu wapo karibu kila mtaa wa Dar es Salaam, wana mirija ya mraba na mashine ya kukatia pembe za nyuzi 45, na kazi ya mlango mdogo wa tela kwao haina tofauti kubwa na kazi ya dirisha la choo. Bamba ukalitafute Gerezani au Kariakoo. Ukipata lenye alama ya aloi (mchanganyiko wa metali) 5052, lichukue, kwa sababu aloi hiyo huvumilia chumvi ya bahari na haikunjiki ovyo. Yale mabamba laini yanayopinda kwa nguvu ya mikono yaache yatumike kwenye mapambo. Bamba lenye maua ya kuzuia utelezi pia linafaa, ingawa mpira wa kuzuia maji haulali vizuri juu ya maua hayo, kwa hiyo upande wenye maua utazame nje.

Mlango wa aluminiamu una adui mmoja anayestahili kuelezwa kwa urefu, naye ni chuma cha aina nyingine. Aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na baada ya misimu michache utaona unga mweupe ukizunguka kila bolti. Mtu anayeegesha tela Kigamboni, Msasani au karibu na ufukwe wa Coco ataliona jambo hili mapema kuliko anayeegesha Kimara. Agiza ribiti za aluminiamu. Pale ambapo bolti za chuma kisichoshika kutu haziepukiki, kama kwenye kitasa, weka wosha ya plastiki chini ya kila kichwa na upake gundi ya kuziba kwenye tundu kabla ya kukaza. Mwambie fundi pia atoboe matundu mawili ya mm 5 kwenye mrija wa chini wa fremu, upande unaotazama ardhi. Mafundi wengine hulipinga ombi hili wakidhani unafungulia maji njia, ilhali maji yaliyoingia kwa juu yanahitaji pa kutokea, na mlango usio na pa kutolea maji ni kopo.

Nafasi ya pili ni ya alucobond, yaani ile bodi ya mabango na ya kuta za majengo mapya, yenye ngozi mbili nyembamba za aluminiamu na plastiki katikati. Unene wa mm 4 unatosha kwa mlango mdogo, uzito wake kwa mlango tuliotaja ni kama kilo 3, na plastiki ya katikati hainywi maji. Uzuri wake kwa mnunuzi ni kwamba watengenezaji wa mabango hubakiza vipande, na kipande cha mlango mmoja hupatikana bila kununua bodi nzima ya futi 4 kwa 8. Angalia unene wa ngozi kwenye ukingo uliokatwa: zipo bodi ambazo ngozi yake ni nyembamba kama karatasi, mm 0.2 tu, nazo hubonyea kwa kidole, na zipo za mm 0.5 zinazohimili vishindo vya safari. Skrubu isishike kwenye alucobond peke yake, kwa sababu plastiki ya katikati haina nguvu ya kuishikilia. Bawaba na kitasa vishike kwenye fremu iliyo nyuma yake.

Kuna mlango mmoja ambao nisingeuvalisha alucobond hata nikipewa bure, nao ni wa kabati la mtungi wa gesi au jenereta. Plastiki ya katikati katika bodi za kawaida ni polithini, na polithini huwaka. Wenye matela ya chipsi wazingatie hili, na wazingatie jambo la pili linaloambatana nalo: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, hivyo kabati la mtungi lazima liwe na matundu ya hewa chini kabisa. Anayeziba kabati hilo kwa mpira pande zote ili maji yasiingie ameondoa tatizo dogo na kutengeneza kubwa.

Nafasi ya tatu ni bodi ya PVC ya povu gumu, ambayo siku hizi hutengenezewa hata makabati ya jikoni. Haiozi, hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na bodi ya mm 15 kwa mlango wetu haifiki kilo 5. Ningeiweka juu zaidi kama si jua. PVC hutanuka kwa joto kuliko aluminiamu mara mbili au zaidi, kwa hiyo mlango wa mita moja unaweza kuongezeka milimita 2 hadi 3 kati ya asubuhi ya ubaridi na mchana ambao ngozi ya tela imeshika moto, na mlango uliopimwa kubana barabara utagoma kufunguka saa nane mchana. Acha mwanya wa kutosha kila upande, nunua nyeupe, na usiipake rangi nyeusi wala ya damu ya mzee, maana rangi nzito huvuta joto mpaka bodi ikapinda. Skrubu nazo hulegea humo baada ya mitikisiko. Tumia bolti zinazopita mpaka upande wa pili, zenye kibati nyuma.

Ya nne ni faiba iliyopakwa juu ya plaiwudi. Mafundi wa boti wanaijua kazi hii vizuri, na ikifanywa kwa ukamilifu, pamoja na pembe na matundu yote ya skrubu kupakwa kabla ya kufunga vyuma, hudumu. Shida ni neno hilo “yote”. Tundu moja likitobolewa baada ya faiba kukauka, bila kupakwa upya, mbao itaanza kunywa kupitia hapo, na safari hii maji hayataonekana kwa nje mpaka mlango uwe mzito. Tahadhari nyingine ni kwa anayetaka kubakiza povu jeupe la zamani: faiba ya kawaida ya poliesta huyeyusha povu la polistirini mara inapoligusa, kwa hiyo kwa povu hilo itumike epoksi pekee.

Sasa tuje kwenye bodi inayouzwa zaidi na inayoeleweka vibaya zaidi. Ukifika dukani ukasema unatafuta plaiwudi ya kuvumilia maji, utasikia, “Bosi, chukua hii marini, hii haiingii maji kabisa,” na utaonyeshwa bodi ya mm 18 yenye uso mweusi au wa kahawia unaong’aa. Hiyo ni bodi ya kumwagia zege. Uso wake una utando wa plastiki unaozuia saruji kushika, na kwa kazi hiyo ni bodi nzuri. Lakini ukiikata kupata kipimo cha mlango, kingo nne zinabaki wazi, na humo ndimo maji yatakamoingilia. Plaiwudi halisi ya baharini hutengenezwa kwa viwango kama BS 1088 cha Uingereza, haina mapengo kwenye tabaka za ndani, na alama yake hupigwa kwenye bodi yenyewe. Omba kuona ukingo: ukiona pengo unaloweza kuingizia kucha kati ya tabaka, hiyo si ya baharini, muuzaji aiite atakavyo. Jaribio jingine rahisi ni kuomba kipande kidogo cha masalia ukakichemshe nyumbani kwa saa moja au mbili. Kikifumuka, gundi yake ni dhaifu. Kikibaki kimeshikana, hujathibitisha kwamba ni ya baharini, lakini walau umeepuka mbaya kuliko zote.

Bodi hiyo ya zege naiweka nafasi ya tano, wala siikatai kwa mtu mwenye bajeti finyu, mradi kingo zote na kila tundu vipakwe epoksi mara mbili na mlango ukaguliwe kila kabla ya masika. Anayetaka kubaki na mbao kwa sababu ya kupenda mbao ni afadhali aende Keko akatafute vipande vya mtiki au mninga mkavu kwa ajili ya fremu ya pembeni tu, kisha avalishe bamba jembamba juu yake.

Bati la chuma la mm 1.5 ni la sita: zito, kama kilo 6 na nusu kwa mlango wetu, na kutu huanzia kwenye kila mahali lilipochomelewa. MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, haistahili nafasi yoyote. Hufura kwa maji ya deki, sembuse mvua.

Mpira na gundi vinunuliwe siku hiyohiyo ya kununua bodi, kwa sababu mpira mnene kupita mwanya wa mlango utaukunja hata mlango mzuri. Chagua mpira wa milango ya magari wenye bomba la hewa ndani, unaopatikana kwenye maduka ya spea, badala ya sponji ya kubandika ambayo hunywa maji na kuyashikilia pale pale kwenye ukingo. Kwa kuziba matundu na pembe, gundi ya poliyurethani kama Sikaflex inafaa kuliko silikoni yenye harufu ya siki, ambayo asidi yake hula chuma na ambayo rangi haishiki juu yake kamwe.

Malipo ya fundi yapangwe kwa awamu mbili, na ya pili itolewe baada ya mlango kufungwa na kumwagiwa maji ya bomba la bustani kwa dakika kumi kuanzia juu, huku karatasi kavu za gazeti zikiwa zimetandazwa ndani ya kabati. Gazeti litaonyesha pembe ya kurudiwa, na itarudiwa wakati fundi bado yupo na vifaa vyake.