TAHADHARI: "Leseni ya maisha" ya programu za takwimu kwa bei ya kutupa

Mnaotafuta programu ya kuchambua utendaji wa seva na kompyuta, jihadharini na wanaonadi SPSS, Minitab au MATLAB yenye "leseni ya maisha" kwa bei ya kutupa. Mara nyingi unachopewa ni ufunguo wa chuo au wa mwanafunzi, ambao mwenye programu akiugundua anaufunga, au programu iliyovunjwa, yaani iliyochezewa ili isidai leseni halali.

Iliyovunjwa haijifichi sana. Faili huja limebanwa na kufungwa kwa nenosiri ili antivairasi isione ndani. Maelekezo yanakutaka uzime antivairasi na ukate intaneti wakati wa kusakinisha. Ukishasakinisha, fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts: ukikuta mistari ya 127.0.0.1 yenye anwani za kampuni ya programu, yaani mashine imezuiwa isiwasiliane nayo, leseni ni ya kughushi. Ndani ya programu hiyo huweza kuwemo mwizi wa nywila za kivinjari, au mchimbaji wa sarafu za kidijitali anayekula prosesa kimyakimya. Kwa kazi yetu huyo wa pili ni balaa maradufu, maana grafu ya prosesa unayoichambua inakuwa imepikwa naye.

Wapo pia wajanja zaidi: wanachukua R (programu ya takwimu), wanaibadilisha jina na nembo, wanaiuza kama "mfumo wa kitaalamu". Chungulia folda ilikosakinishwa. Ukiona Rterm.exe na R.dll, hiyo ni R, na R ni bure. Leseni yake ya programu huria, GPL, hairuhusu kumficha mnunuzi msimbo chanzo, kwa hiyo uombe, atakavyobabaika utajua.

Wengine wameandika hesabu zao wenyewe, tena vibaya. Kabla ya kulipa, dai toleo la majaribio uingize namba tatu: 1000000001, 1000000002, 1000000003. Mkengeuko sanifu wa sampuli lazima uwe 1 kamili. Ikitoa 0, kosa, au namba ya ajabu, yaelekea inatumia njia ya kuondoa jumla moja kubwa ya miraba kwenye nyingine, na tarakimu za mwisho zinapotea. Mihuri ya muda ya seva ni namba kubwa za namna hiyohiyo, kwa hiyo itakudanganya kila siku.

Kazi yenyewe haihitaji pesa. Kati ya programu za bure, PSPP inafungua mafaili ya .sav ya SPSS, na Octave inaendesha sehemu kubwa ya msimbo wa MATLAB. Kwenye Linux, programu ya sar hukusanya vipimo vya mashine. Toa vya prosesa kwa `sadf -d -- -u > cpu.csv`, kisha kwenye R andika `read.csv("cpu.csv", sep=";")`. Usitumie read.table hapo: mstari wa vichwa unaanza na alama ya #, nayo itauruka kama maoni. Baada ya hapo `quantile(x, c(.5,.95,.99))`, x ikiwa safu unayoichambua, inakueleza mengi kuliko wastani.

Pakua kwenye tovuti rasmi tu, kisha, kwenye Windows, kagua faili kwa `certutil -hashfile jina_la_faili SHA256` na ulinganishe na namba iliyotolewa hapo, ikiwepo.

Kama umeshasakinisha ya wauzaji hawa, ondoa mashine kwenye mtandao, badilisha nywila ukiwa kwenye mashine nyingine, sakinisha mfumo upya. Vipimo vyote vya mashine hiyo tangu siku uliyosakinisha, vitupe.